Gari la Safu Tatu: Mizani Yake ni Kiti cha Nyuma

Mombasa ndiyo inayoyapokea magari, lakini Malaba ndiyo inayoyajua. Bandarini gari hushuka melini limeoshwa, limeng'arishwa, na harufu ya Japani bado imo ndani yake. Likifika Malaba limekwisha kwenda zaidi ya kilomita 900. Limeyapita majoto ya Mtito Andei na baridi ya Timboroa, limeteremka Webuye na Bungoma, na sasa limejipanga nyuma ya malori likingoja kuvuka kwenda Uganda. Hapo hakuna tena la kuficha. Linalovuja limekwisha kuvuja, na linalogonga humsikia likigonga hata asiyejua gari.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, niliposhika kalamu kuandika juu ya magari haya makubwa ya safu tatu za viti, ambayo siku hizi kila nyumba ya pwani yenye uwezo kidogo inayazungumza, sikwenda kwenye maduka ya Mombasa. Nilikwenda Busia na Malaba. Miji hii miwili ya mpakani imetengana kiasi cha kilomita 30, na kila siku hupitiwa na magari ya kila namna. Mafundi wake hawatazami gari kwa jicho la mnunuzi. Hulitazama kama daktari amtazamavyo mgonjwa.

Ilikuwapo na sababu ya pili. Bintiye marehemu kaka yangu ameolewa Busia na mwalimu wa huko, mtu wa Bunyala, na nyumba yao ina watu saba: mume, mke, watoto wanne, na mama mzee wa mume ambaye magoti yamemwishia nguvu na kila mwezi hupelekwa Kisumu kwa daktari. Wameweka akiba kwa miaka tisa. Bintiye kaka aliniandikia maneno machache: "Ami, njoo ututazamie. Fedha hii ikipotea hatutaipata tena."

Neno hilo halichezewi. Tuliposoma chuoni tulifundishwa kwamba nyumba yenye nafasi na kipando cha raha ni katika neema anazojaaliwa mtu. Tukafundishwa pia kwamba isirafu ni haramu na amana ni deni. Gari la familia linaweza kuwa neema, linaweza kuwa isirafu, na inategemea umelinunua kwa kumwangalia nani.

SI JAMBO GENI

Wako wanaodhani kwamba gari la safu tatu ni mtindo wa jana. Sivyo. Walio na umri wangu wanaikumbuka Peugeot 504 ya familia, iliyokuwa na siti tatu zikifuatana na ikichukua watu saba kwa haki, na zaidi ya hapo kwa dhuluma. Ufaransa iliacha kutengeneza saluni zake mwaka 1983, lakini hapa Kenya gari hilo liliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baadaye. Lilibeba maharusi na maiti, na lilikimbia njia za Kisumu na Busia kama matatu. Halikuwa gari la porini kwa jina, lakini lilikwenda.

Na Busia yenyewe ina historia yake katika suala la kupakia watu. Neno bodaboda, ambalo sasa halina mwenyewe kuanzia Lamu hadi Kampala, lilizaliwa katika mpaka huu miaka ya 1960, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakiita abiria, "Boda! Boda!" ili wawavushe kutoka ofisi za nchi moja hadi za nchi ya pili. Leo mambo ni mepesi zaidi, kwani tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Busia na marais Kenyatta na Museveni mwezi wa Februari 2018, karatasi za nchi zote mbili hutazamwa chini ya paa moja. Lakini shida ya kwanza imebaki ile ile: watu ni wengi, kipando ni kimoja, na kuna mmoja ambaye lazima akae nyuma.

Nasi watu wa pwani hatukuanza jana kuja pande hizi. Misafara ya wazee wetu ilifika Mumias katika karne ya 19, wakati wa ufalme wa Wanga, na dini ikakaa huko hata leo. Kwa hiyo zipo nyumba za Mombasa na Malindi zilizo na shemeji na wajukuu Mumias, Busia, hata Jinja na Kampala. Harusi ikitokea, au msiba, ni nyumba nzima inayosafiri, na sinia, na mikeka, na ndoo ya achari.

MTIHANI WA SAFU YA TATU

Jamaa mmoja wa Busia alituazima gari lake, la aina hizi zinazosifiwa. Jina lake sitalitaja, kwani niliazimwa kwa wema na si haki kulipa wema kwa kulisema gari la mtu gazetini. Nilimwomba mkwe aendeshe, mimi nikaenda kukaa nyuma kabisa, kutoka Busia hadi Malaba na kurudi.

Kuingia tu ni kazi. Lazima kiti cha safu ya pili kikunjwe na kusukumwa mbele, kisha uiname, uinue mguu juu, ujipenyeze kwa ubavu. Mtoto wa miaka kumi huingia kama paka. Mwanamke aliyevaa buibui hulazimika kulikusanya lote mkononi mbele ya macho ya watu. Mama mzee wa mkwe alijaribu mara moja, akashika mlango, akatucheka. "Wanangu," akasema, "mimi nimekwisha kupita umri wa kuingia dirishani."

Nilipokwisha kukaa nilifahamu jambo la pili. Magari mengi ya kweli ya porini yana fremu ya chuma chini na ekseli moja nzima nyuma. Ndiyo nguvu yake, lakini chuma hicho hukaa mahali ambapo miguu ya abiria wa nyuma ingekaa. Sakafu huwa juu na kiti huwa chini, hata magoti yakaelekea kifuani. Kwa mwendo wa nusu saa mtu huvumilia. Kutoka Mombasa hadi Busia ni adhabu.

La tatu ni mizigo. Safu ya tatu ikisimamishwa, nafasi iliyobaki nyuma yake ni ya masanduku machache madogo. Basi mizigo huenda juu ya paa, na gari lililo refu kwa kimo likibebeshwa kichwani huyumba kwenye kona. Fanya hesabu: watu saba wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 490, kabla hujapakia hata kibuyu cha maji. Gari lenyewe ni zaidi ya tani mbili. Breki, springi na mipira vyote hupata habari.

Na la nne, ambalo ndilo kubwa, ni usalama. Katika safu ya nyuma tazama kila kiti kina mkanda wake unaofunga, na kina egemeo la kichwa linaloinuka hadi kisogoni. Waziri Michuki alipowalazimisha wenye matatu kufunga mikanda mwaka 2004, watu walinung'unika kisha wakazoea. Ni ajabu kwamba leo mtu atatoa mamilioni kununua gari lake mwenyewe, na asiangalie kama mkanda wa mtoto aliyeketi nyuma unafunga.

MAJINA YANAYOTAJWA SANA

Sasa nije kwenye majina, kwani najua msomaji anayangoja. Nayasema kwa yale yanayojulikana na kila fundi, si kwa chuki wala kwa kulipwa.

Toyota Land Cruiser Prado ndiyo sultani wa barabara hii. Ile inayoonekana zaidi ni ya namba 150, iliyotoka mwaka 2009 na kuendelea hadi ikafuatwa na ile ya 250 iliyotangazwa mwaka 2023. Huvuta kwa magurudumu manne wakati wote, ina fremu, ina gia za nguvu za kupandia matope, na spea zake hazikosi Busia wala Mombasa. Si zote zenye viti saba, nyingine zina vitano, kwa hiyo usinunue kwa picha. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwa ubavu, basi ukiegeshwa na gari jingine nyuma yako hutoi mzigo.

Mitsubishi Pajero, iliyoanza mwaka 1982, ilikoma kutengenezwa mwaka 2021. Ina sifa ya kumpa dereva hiari ya magurudumu mawili au manne, na kiti chake cha tatu huzama sakafuni kisipotakiwa, jambo zuri kwa mwenye mizigo. Lakini kiti hicho ni cha watoto, na gari ambalo halitengenezwi tena hununuliwa kwa kuyafikiria na maisha yake ya mbele.

Land Rover Discovery, kuanzia ile ya tatu ya mwaka 2004, ndiyo iliyomfikiria abiria wa nyuma kuliko wenzake, kwani mtu mzima huweza kuketi safu ya tatu akiwa na adabu zake. Nyingi hukaa juu ya mifuko ya hewa inayoinua na kuteremsha gari. Ni starehe kubwa, lakini inahitaji fundi mwenye vyombo vya kuisoma, na mafundi hao ni wengi Nairobi kuliko Malaba.

Toyota Fortuner ni ngumu na ina urahisi wa kutengenezwa. Viti vyake vya tatu hukunjwa vikaning'inia ubavuni huku na huku, na hivyo hula sehemu ya nafasi ya mizigo hata visipokaliwa.

INJINI NA USHURU

Fundi mmoja wa Malaba, kijana aliyezaliwa Amukura, aliniambia, "Mzee, watu huniuliza ina nguvu kiasi gani. Hawaniulizi inakunywa nini." Maneno yake yana maana mbili. Kwanza ni mafuta yenyewe: gari linalokwenda kilomita 9 kwa lita litameza zaidi ya lita 100 kutoka Mombasa hadi Malaba, ilhali tangi la Prado 150 la kawaida ni lita 87. Pili ni kwamba dizeli za miaka ya karibuni zinazotoka Japani zina chujio la moshi katika ekzosi, na nyingine, kama Prado ya lita 2.8 iliyoanza mwaka 2015, hutaka pia maji maalumu ya AdBlue. Gari la namna hiyo likitembezwa safari fupi fupi tu za sokoni, chujio hujaa masizi. Zile za zamani za lita 3.0 hazina makeke hayo yote, lakini nozeli zake hutaka kuangaliwa mapema, kwani zikipuuzwa huangamiza pistoni.

Ushuru nao una lugha yake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika likiwa limepita miaka minane, na ushuru wa bidhaa hupanda daraja la juu kwa dizeli inayopita sisi 2500 na kwa petroli inayopita sisi 3000. Kwa hiyo Prado ya petroli ya sisi 2700 huwa daraja la chini kuliko ya dizeli ya sisi 2800, japokuwa watu wa barazani huwaona ndugu pacha. Mwenye kwenda safari ndefu mara nyingi huenda dizeli ikamlipa. Mwenye kukaa mjini na kusafiri mara mbili kwa mwaka, petroli humtosha.

GARI RAHISI LA MPAKANI

Siku ya tatu mkwe alinijia na habari njema kwa sura, lakini kwa ndani zilikuwa sumu. Mtu mmoja amempa gari la viti saba kwa nusu ya bei. Lina namba za Uganda, "lakini karatasi zitanyooshwa."

Msomaji, hapa ndipo akiba ya miaka tisa huweza kuyeyuka kwa siku moja. Uganda ina sheria yake na Kenya ina yake. Tangu mwaka 2018 Uganda imezuia kuingizwa magari yaliyopita miaka 15, na Kenya, kama nilivyosema, ni minane. Gari halali upande ule laweza kuwa haliingiliki kabisa upande huu. Gari la Uganda huweza kutembea Kenya kwa kibali cha muda, na la Kenya huweza kwenda Kampala kwa kitabu chake cha gari, kibali, na bima ya kadi ya manjano ya COMESA. Lakini kibali cha muda si umiliki. Anayelinunua na kulificha Busia amenunua kesi, na gari lenyewe huishia uani kwa watu wa forodha likiota majani.

Nilimwambia, "Mwanangu, mwenye gari halali haogopi kwenda nawe ofisini. Mwambie mwende pamoja kituoni asubuhi, mkaulize mbele ya afisa." Mkwe alimpigia simu muuzaji kumweleza hivyo. Simu ilikatika, na tangu hapo haikupokewa tena.

JE, MATOPE YAPO?

Sasa swali ambalo wanunuzi wengi hulikimbia: matope unayonunulia gari hili yako wapi? Barabara kutoka Mombasa hadi Malaba ni lami, na kutoka Kisumu hadi Busia ni lami. Anayesafiri kwenda Mumias kwenye harusi mara moja kwa mwaka hahitaji fremu wala gia za nguvu. Toyota Noah, yenye mlango wa kusukuma na sakafu ya chini, itamwingiza bibi bila kuinama na kumtoa bila kuvutwa. Akiwa na watu zaidi ya wanane, HiAce itamsitiri. Ni magari yasiyo na haiba mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, lakini haiba haimkandi bibi magoti.

Kwa nyumba ya mkwe jibu ni jingine. Kwao ni Bunyala, bondeni, pale Mto Nzoia unapoingia Ziwa Nyanza. Mto huo ukipita kingo zake, kama ulivyofanya mwaka 2020, watu huhama na vitanda vyao. Hata mwaka usio na gharika, masika hugeuza udongo mweusi wa huko kuwa gundi. Tulikwenda kwa gari lile la kuazima. Lami ilipokwisha mkwe aliingiza gia za nguvu, na gari likatambaa polepole bila pupa, kila gurudumu likichukua zamu yake, mahali ambapo Noah mbili zilikuwa zimelala ubavu zikingoja trekta. Mama mzee alikuwa amekaa safu ya pili. Tulipofika alisema, "Leo nimefika kwangu bila kubebwa mgongoni." Hapo ndipo nilipoona kwamba kwa nyumba hii gari hilo si fahari. Ni miguu ya mama.

Basi ushauri niliowapa ndio huu, nami naurudia kwa kila msomaji. Usiende dukani peke yako. Nenda na nyumba nzima. Waketishe wote saba, bibi kwanza, kisha mwenye mtoto wa kunyonya, kwani kiti cha mtoto kikifungwa safu ya pili kwa kawaida huziba njia ya kuingilia ya tatu. Funga kila mkanda. Weka masanduku, si kwa kukisia bali kwa kuyapakia. Kisha mlete fundi asiye wa muuzaji, alale chini ya gari atazame fremu kama ina kutu, difu kama inavuja, na magurudumu kama yanacheza. Uliza kitabu cha gari kabla ya kuuliza bei. Ukipungukiwa, usikimbilie mkopo wa riba. Kenya ina benki za sharia tangu mwaka 2008, na kwa njia ya murabaha benki hulinunua gari kisha ikakuuzia kwa bei iliyotajwa wazi, ukalipa kidogo kidogo. Lakini nayo ni deni, na deni hulala na mwenyewe kitanda kimoja.

Hadi naandika haya, jamaa zangu wa Busia hawajanunua. Wamechagua aina, wameipima na watu wao wote, na wamebakiza fedha kidogo. Wameamua kungoja masika moja zaidi. Nimewaombea kheri, nanyi waombeeni. Na kwa walio njiani kwenda kununua, nawapa ubeti huu wauchukue pamoja na fedha zao:

Sifa za mbele ni tele, za taa na usukani,
Enda nyuma kwanza kule, ukae uone ndani,
Bibi na watoto wale, wasibanwe mapajani,
Safari si njema mbele, nyuma kukiwa huzuni.